Huruma ya Mwamuzi na Haki ya Asiyekuwapo

Mwaka 2011, miaka minne baada ya michezo yao ya kwanza kufanyika katika shamba moja la California, wasimamizi wa mtindo wa mazoezi wa CrossFit walianzisha mashindano yaitwayo Open, ambamo kila mwenye kutaka, awe karani, muuguzi au mstaafu, aliruhusiwa kushindana na watu wa dunia nzima pasipo kutoka katika mji wake. Kazi hutangazwa, mshindani huitenda mbele ya mwamuzi katika jumba la mazoezi lililosajiliwa, au mbele ya kamera, kisha hesabu yake huwekwa katika orodha moja pamoja na hesabu za watu asiowajua na ambao yamkini hatawaona maishani. Mwamuzi naye aghalabu si mtu wa ujira, bali ni mwanachama mwenziwe, ambaye baada ya muda mfupi watabadilishana mahali, yeye atoke jasho na mwenziwe ahesabu. Katika hali hiyo ya udugu ndimo linamozuka suala la akhlaki lisilo dogo: je, yafaa mwamuzi kumhesabia mwenziwe, kwa huruma, tendo lisilotimia?

Masharti yenyewe hayana siri. Mwenye kuchuchumaa sharti ashuke hata nyonga zipite chini ya kimo cha magoti, kisha asimame wima. Mwenye kujivuta kwenye chuma sharti aanze na mikono iliyonyooka na amalize kidevu kikiwa juu ya chuma. Na mpira mzito urushwao ukutani, ambao kwa kawaida ni wa ratili 20 kwa wanaume na 14 kwa wanawake, sharti ufike kimo cha futi 10 kwa wale na futi 9 kwa hawa. Asiyewahi kuyajaribu mambo haya hudhani kwamba kubishania inchi moja ni ukaidi. Lakini inchi ya mwisho katika kuchuchumaa ndiyo yenye taabu kuliko zote zilizoitangulia, na aiachaye huokoa pumzi, na pumzi iliyookolewa mara mia humfikisha mbele ya mtu aliyemzidi kwa nguvu na kwa subira.

Wako wasemao, na kauli yao si ya kudharauliwa, kwamba mashindano ya ridhaa hayana taji wala fedha ya kugombaniwa. Kwamba mtu aliyetoka kazini amechoka, akajitahidi mpaka magoti yakatetemeka, astahili kutiwa moyo kuliko kukatazwa. Na kwamba neno "hapana" likitamkwa mbele ya watu laweza kumvunja ari asirudi tena. Yote hayo ni kweli kuhusu mtu aliye mbele ya macho ya mwamuzi. Kilichosahauliwa ni kwamba kuna mtu wa pili, asiyekuwapo, aliyeshuka mpaka chini kila mara katika jumba la mbali, akakataliwa matendo yake pungufu na mwamuzi mwaminifu, akayarudia kwa maumivu. Mwamuzi mkarimu amempa rafiki yake mahali pa mtu huyo katika orodha. Amekuwa kama muuza nafaka amwongezeaye jirani yake konzi kutoka katika gunia la mteja mwingine, halafu akangoja kushukuriwa kwa ukarimu. Rehema ni sifa tukufu, lakini hakuna aliye na mamlaka ya kuitoa katika mali isiyo yake.

Wala haielekei kwamba rehema imefukuzwa katika mashindano haya. Imepewa mahali pake, napo ni mlangoni, kabla hesabu haijaanza: yako mafungu ya umri, uko mpango wa kazi iliyopunguzwa uzito na ugumu kwa asiyeweza ile kamili, na tangu mwaka 2021 yako mafungu ya watu wenye ulemavu. Asiyeweza kushuka chini ya magoti hakuambiwa aende zake; ameambiwa achague fungu limfaalo. Huruma iliyo katika kanuni humfikia kila mwenye haja kwa kipimo kimoja. Huruma iliyo katika mdomo wa mwamuzi humfikia anayejulikana, anayependwa au anayeogopwa, na mgeni hukutana na sheria peke yake.

Kwa hiyo adabu ya mwamuzi huanza mapema. Hueleza masharti kabla ya saa kuanza, ili asimshitukize mtu; husimama upande ambao kina cha nyonga huonekana; na hukataa tendo la kwanza lililopungua, kwa sauti isiyo na hasira, kwa kuwa anayenyamazia pungufu kumi kisha akaikataa ya kumi na moja amedhulumu mara mbili. Katika mchezo wa kunyanyua vyuma kwa nguvu, waamuzi huwa watatu, mmoja mbele na wawili pembeni, kila mmoja na taa yake nyeupe au nyekundu, na wawili wakiafikiana hukumu imepita. Utaratibu huo unakiri kwamba jicho moja, hata likiwa la mtu mwema, halitoshi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea katika pwani yetu, hawakubali ushahidi wa baba kumfaa mwanawe, si kwa kuwa kila baba ni mwongo, bali kwa kuwa mapenzi huweza kulipinda jicho kabla hayajaupinda ulimi. Jumba la mazoezi haliwezi kuwatenga marafiki wote. Ndiyo maana rafiki ahesabuye awiwa na mwenziwe deni la uangalifu zaidi kuliko mgeni.

Amebaki mshindani mwenyewe. Kazi ya kwanza ya Open ya mwaka 2011 ilirudishwa vile vile mwaka 2014, na mtu aliyeifanya mara zote mbili akapata nafasi adimu ya kujilinganisha na nafsi yake ya miaka mitatu nyuma. Tuseme mara ya kwanza alihesabiwa kwa upendeleo, na mara ya pili kwa insafu: ataona amerudi nyuma, ilhali huenda amesonga mbele, na hapana awezaye kumrudishia ukweli uliopotea siku ile aliposhangiliwa. Mshindani wa kulipwa akidanganyiwa hesabu, walau hubaki na fedha. Wa ridhaa alikuja kutafuta jambo moja tu, kujua kiasi cha nguvu zake, na mwamuzi aliyemhurumia ndiye aliyemnyima hilo.