Hukumu ya Sikio

Sikio ni hakimu mwepesi wa kukata shauri. Jicho huomba muda litazame, ulimi huonja kwanza. Lakini sikio, mara lipigwapo na sauti lisiyoizoea, hutoa hukumu papo hapo: kelele! Neno hilo likishatamkwa kesi imekwisha, na mshtakiwa hana pa kukata rufani. Nataka kuuliza kama hukumu ya namna hiyo ni ya haki, na mfano wangu ni muziki ambao watu wazima wengi wameukataa bila kuusikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho: muziki wa roki, hasa ule mzito kabisa, ambao jina lake la Kiingereza maana yake ni chuma kizito.

Katika Voi muziki huu haukuwa wa wengi. Sanduku la santuri katika nyumba ya mzee, mjini hapo au juu katika vilima vya Taita, likifunguliwa, kwa kawaida litatoa rumba ya Kongo, nyimbo za Jim Reeves, na pengine sauti ya Fadhili William, mwana wa Taita aliyerekodi "Malaika" karibu na mwaka 1960. Lakini chini kabisa, ganda lake limechakaa pembeni, huweza kupatikana santuri ya Deep Purple au Black Sabbath, iliyonunuliwa na kijana wa miaka ya sabini aliyefanya kazi Mombasa au Nairobi. Kijana huyo sasa ni babu. Akiiweka tena juu ya kinanda, wajukuu hucheka, na jirani hufunga dirisha.

Santuri ina tabia moja inayonifanya niichague kwa swali hili: haina haraka. Ni sahani yenye mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu, na sindano huufuata mfereji huo huku sahani ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Upande mmoja huchukua dakika ishirini hivi, kisha huna budi kuinuka uigeuze. Vumbi jekundu la Voi ni adui yake, na ikisahauliwa juani hupinda kama chapati. Basi mtu aliyeipangusa, akashusha sindano kwa mkono usiotetemeka, akakaa kitako, hawezi kulinganishwa na mpita njia aliyepigwa na sauti kwa ghafula. Amekubali kusikiliza.

Na anayekubali kusikiliza atauliza mambo ambayo mpita njia hayaulizi. Kwa nini gitaa hili linanguruma chini hivi? Jibu lake limo katika maisha ya mtu. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa kijana wa kiwandani katika mji wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, mashine ya kukatia bati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, nao ndio mkono aliobania nyuzi, kwa kuwa hupiga kwa kushoto. Akakata tamaa. Msimamizi wake wa kazi akamletea santuri ya mpiga gitaa mmoja na kumwambia asikilize. Iommi hakutaka, kitu cha mwisho alichokitamani siku zile kilikuwa kusikia gitaa la mtu mwingine. Msimamizi akashikilia, sindano ikashushwa, na baada ya hapo akaambiwa kuwa mpigaji yule, Django Reinhardt, alitumia vidole viwili tu, kwa sababu mkono wake uliungua motoni mwaka 1928. Iommi akayeyusha plastiki ya chupa, akajifinyangia vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimwumize. Kulegea huko ni sehemu kubwa ya mngurumo ule unaofungiwa madirisha.

Santuri ya kwanza ya bendi hiyo ilirekodiwa kwa siku moja mwaka 1969, ikatoka Februari 1970, na wahakiki wengi wakaibeza. Wengine waliona jina la bendi na picha ya ganda, wakasema ni kazi ya shetani, wasiendelee mbele. Lakini katika santuri ya pili, iliyotoka mwaka huo huo, wimbo wa kwanza, "War Pigs", unawakemea wakubwa wapangao vita wakiwa mbali nayo na kuwapeleka maskini wakafe. Je, hayo ni maneno ya kishetani? Mtu wa Taita Taveta ana haki ya kulijibu swali hili kuliko wengi. Njia ya reli itokayo Voi kwenda Taveta ilijengwa katika vita vya 1914 hadi 1918 kwa kupeleka askari, na katika kilima cha Salaita, Februari 1916, watu walikufa kwa ugomvi wa wafalme ambao hawakupata kuwaona. Mwaka 1915 watu wa Kasigau walishukiwa na Waingereza kuwa wamewasaidia Wajerumani. Walitolewa kwao kwa nguvu wakapelekwa Malindi, na wengi wakafa huko. Ilipita miaka mingi kabla ya waliosalia kurudi. Walihukumiwa kijiji kizima, bila kusikilizwa. Najua kwamba kukataa santuri na kumfukuza mtu kwake si makosa ya uzito mmoja, wala sithubutu kuyalinganisha. Nasema tu kwamba mlango wa yote mawili ni huo huo: kudhani kwamba tumekwisha jua.

Vijana wasishangilie mapema, maana nao wana kesi yao. Vilima vya Taita vina ngoma iitwayo Mwazindika, ya kupunga pepo, ambayo mshindo wake mzito humwingia mtu mwilini kabla haujafika akilini. Waumini wengi wa dini mpya waliiita kelele za mashetani, kwa maneno yale yale ambayo baadaye yalitumiwa juu ya gitaa la Birmingham. Leo nimewasikia vijana wenye kuipenda roki wakiiita Mwazindika kelele za wazee. Hawakukaa kuisikiliza. Wameisikia kwa mbali siku ya sherehe, wakiwa wameziba masikio kwa nyimbo zao wenyewe. Kijana anayedai asikilizwe santuri yake hadi upande wa pili, kisha akaondoka ngoma ilipoanza, anadai haki asiyoitoa.

Iko hoja moja ya upande wa pili ambayo ni ya kweli. Jirani mwenye mtoto mgonjwa hakuomba kusikiliza kitu, na saa nne ya usiku hana deni la muziki kwa mtu yeyote. Sikio halina kope. Kwa hiyo apigaye santuri yake kwa nguvu hadi nyumba ya tatu hawapi watu nafasi ya kusikiliza. Anawanyang'anya, kisha hushangaa wakichukia.

Wala kusikiliza mara ya pili si ahadi ya kupenda. Nimezirudia santuri kadhaa za miaka ile, nikaona kwamba baadhi yake, zilizosifiwa sana na vijana wa wakati huo, ni mshindo mtupu: gitaa linajionyesha, mwimbaji anapiga ukelele kwa kuwa hana la kusema, na upande wa pili ni upande wa kwanza uliogeuzwa. Hizo nimezipangusa vumbi, nikazirudisha katika maganda yake, na neno kelele nimelitumia juu yake bila haya.