Nilisema Daktari Atachagua

Mwaka jana nilisema uongo mdogo mbele ya kitanda cha mtoto mgonjwa, na baada ya wiki tatu nikaletewa sahani ya mukene kwa shukrani. Mukene ni wale dagaa ambao kwetu Kongo tunawaita ndagala. Hapa Port Bell ndiyo mboga ya siku nyingi, wanatoka ziwani na kuanikwa, na harufu yao inachanganyika na ile ya kiwanda cha bia mpaka unaizoea. Niliwala wale samaki. Lakini swali lililokuja na sahani ile bado linanikaa kooni: je, ni haki kumpigia mgonjwa kura? Na kama ni haki, kwa nini mimi niliona haya kulitamka neno lenyewe?

Ilikuwa hivi. Mimi nafanya kazi na vijana, lakini kwa kuwa nina Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza cha sekondari na Luganda ya sokoni, watu hunipigia simu nikawatafsirie hospitali. Siku hiyo mama mmoja wa kwetu alikuwa amelaza mtoto wa miaka miwili, ana homa kali, anapumua kama mtu aliyekimbia. Muuguzi wa utafiti akaja na karatasi zake. Alieleza taratibu na vizuri, sina lawama naye: kuna namna mbili za kutibu, zote mbili zinatumika, hakuna anayejua kwa hakika ipi inaokoa watoto wengi zaidi, kwa hiyo kompyuta itampangia mtoto kundi bila mtu yeyote kuchagua. Mama anaweza kukubali au kukataa. Akikataa, mtoto atatibiwa kama kawaida.

Mama alikuwa anatetemeka. Wote wawili wananiangalia mimi. Nikasema: "Yaya, daktari atamchagulia mtoto dawa inayomfaa."

Akashusha pumzi, akaweka dole gumba kwenye wino.

Mtoto alipona. Ndiyo zile wiki tatu baadaye mama akaja na sahani: "Umwambie yule daktari Mungu amubariki. Alichagua muzuri."

Sasa, kuna watu watasema: mtoto alipona, ya nini kujitesa? Hata mimi nilijaribu njia hiyo, haikufika mbali. Mtoto angekufa, maneno yangu yangekuwa yale yale. Kupona kwake hakukuyafanya kuwa kweli. Na ukinibana niseme kwa nini nilisema vile, nitakwambia nilimhurumia. Lakini si huruma tu. Niliona haya. Kura kwetu ni kitu cha mpira, cha likelemba, cha kugawana zamu. Kumwambia mama kwamba uhai wa mwanawe umewekwa kwenye kura niliona kama kumtukana. Nikaona heri apate daktari anayejua, hata kama daktari huyo hayupo.

Rafiki yangu mmoja muuguzi nilipomsimulia hakunigombeza. Aliniambia nikasome juu ya utafiti unaoitwa FEAST. Nimeusoma polepole, na kamusi, na naomba niueleze hapa kwa urefu kidogo, maana ndio uliogeuza fikra zangu.

Mtoto akiwa na malaria kali au maambukizi makali ya damu, wakati mwingine mikono na miguu inapoa, mapigo yanakuwa dhaifu, damu haifiki inakotakiwa. Katika hospitali za nchi tajiri, mtoto kama huyo alikuwa anapewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, dripu ya kufungulia kabisa. Ilionekana ni jambo la wazi. Katika hospitali nyingi za Afrika hilo halikuwa kawaida, na wengi waliona ni moja ya mambo ambayo watoto wetu wanakosa kwa sababu ya umaskini. Basi mwaka 2009 hospitali sita zikaanza kupima: Mulago hapa hapa Kampala, Mbale, Soroti, Lacor kule Gulu, Kilifi nchini Kenya, na Teule ya Muheza, Tanzania. Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa haraka maji yenye albumini, la pili maji ya chumvi, la tatu halikupewa maji ya haraka. Wote walipata matibabu mengine ya kawaida, dawa za malaria, antibayotiki, maji ya polepole.

Ungekuwa wewe mama, ungetaka kundi gani? Mimi ningelia nipewe maji. Ningelipia kama ningekuwa na pesa.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya kufika watoto waliokusudiwa, kwa sababu hesabu zilionyesha jambo ambalo watu hawakulitarajia. Kufikia saa 48, katika watoto 1,050 waliopewa albumini walikufa 111. Katika 1,047 waliopewa maji ya chumvi walikufa 110. Katika 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka walikufa 76. Yaani kwa kila watoto mia waliopewa kile kilichoaminika kuwa msaada, watatu zaidi walikufa.

(Kabla sijaendelea, tafadhali msinielewe vibaya huko kambini. Watoto wenye kuhara hawakuwamo katika utafiti huo. Mtoto anayehara anahitaji maji na ORS, na anahitaji haraka. Asije mtu akamnyima mtoto maji akasema kasoma kwenye jarida letu.)

Kinachonisumbua zaidi kilitoka baadaye, watafiti walipochambua namna watoto wale walivyokufa. Baada ya saa ya kwanza, waliopewa maji ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Dalili za hatari ziliwapungua mapema kuliko wenzao. Halafu saa zikaenda, na moyo na mzunguko wa damu vikawashinda. Fikiria muuguzi mwema aliyesimama pale kitandani. Ameona kwa macho yake mkono wa mtoto umepata joto. Angeapa kwa Mungu kwamba dripu imefanya kazi, na asingekuwa anadanganya. Macho yake yasingeweza kumwonyesha wale watatu kati ya mia. Wale watatu wanaonekana tu ukihesabu, na hesabu haina maana kama anayechagua ni mtu, maana mtu atawapa maji wale anaowaonea huruma zaidi, au wale walio hoi zaidi, au mtoto wa mtu anayemfahamu. Kura haimfahamu mtu. Mimi niliiona kama ukatili, kumbe ndiyo njia ya kuuzuia mkono wetu usijipendelee.

Na hata baada ya hesabu hizo kutoka, haikuwa rahisi kuacha. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016, miaka mitano baadaye. Imani njema haing'oki upesi. Ndugu zetu wa mashirika, ninyi mnaosoma hapa, nadhani mnalijua hili kuliko mimi. Ni vitu vingapi tunapewa kwa moyo safi, na vinaleta joto saa ya kwanza?

Nilileta mjadala huu kwenye kikundi chetu cha vijana, Jumamosi moja. Nikawasimulia pia utafiti wa kwetu, ule wa Ebola wa Kivu Kaskazini, ulioanza Novemba 2018 ukiongozwa na Profesa Muyembe na wenzake, Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Dawa nne, wagonjwa 681, kura. Wakati ule dawa yenye sifa zaidi ilikuwa ZMapp, nyingine zilipimwa kwa kulinganishwa nayo. Mtu angeruhusiwa kuchagua siku ile, huenda angechagua ZMapp. Agosti 2019 ikaonekana waliopewa ZMapp walikuwa wanakufa karibu nusu, na remdesivir zaidi kidogo ya nusu, wakati wa mAb114 na REGN-EB3 walikufa kama theluthi moja. Kuanzia hapo wagonjwa wakapewa hizo mbili tu. Na mAb114 asili yake ni damu ya mtu aliyeponea Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Nilisimulia kwa fahari, nakiri. Mkongomani aliponywa na damu ya Mkongomani.

Dada mmoja alikuwa kimya. Mjomba wake alikufa kwa Ebola Butembo mwaka 2019, na familia ilikuwa tayari imeshakimbia, wengine huku, wengine Nakivale. Hajui mjomba alipewa nini, wala kama alikuwamo katika hizo hesabu. Akauliza: "Kama alikuwamo, yeye ni yupi katika hiyo nusu?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilitaka kusema kwamba bila hiyo nusu tusingejua, na ni kweli, lakini nilihisi maneno hayo yana ubaridi fulani. Ni rahisi kusema "ilikuwa lazima" ukiwa umekaa upande wa waliobaki. Mjomba hakufa ili sisi tujue. Alikwenda kituoni ili apone. Hayo mawili hayalingani, na sioni hesabu ya kuyafanya yalingane.

Mzee mmoja anayetuazima chumba cha mikutano aliingilia. Alisema mgonjwa hatafuti hesabu, anatafuta uhakika, na mtu akizama humwambii kina cha maji, unampa mkono. Kwa maoni yake nilifanya vyema kumwambia mama kwamba daktari atachagua. Namheshimu mzee, na hoja yake si ndogo. Katika utafiti huo huo wa FEAST, mzazi ambaye mtoto wake alikuwa mahututi aliombwa kwanza kukubali kwa mdomo tu, maelezo kamili na sahihi vikafuata hali ilipotulia. Kwa hiyo hata wenyewe walijua kwamba kuna saa ambayo sikio la mama halisikii. Lakini kuahirisha ukweli ni jambo moja. Kuweka uongo mahali pake ni jambo jingine. Maelezo yaliyobaki unaweza kuyaleta kesho. Uongo ukishakaa, kesho huna pa kuyaweka.

Na kuna hili ambalo mzee hakulitaja. Kwenye zile karatasi za hospitali kuna maswali mengi: umri, uzito, homa imeanza siku ngapi zilizopita. Katika utafiti wa Ebola pia walikuta kwamba kila siku iliyopita kabla mtu hajafika kituoni ilizidisha hatari ya kufa. Ni kweli, sibishi. Ila karatasi inaandika "siku tatu" na inaishia hapo. Haiandiki kwamba siku ya kwanza hakukuwa na pesa ya boda, ya pili mama aliogopa kuongea Kiingereza, na ya tatu alikuwa akinitafuta mimi. Ikishaingia kwenye jedwali inaitwa kihatarishi cha mgonjwa, kana kwamba mgonjwa alizaliwa nacho kama alama ya mwilini. Katwa na Butembo watu walifika wamechelewa, ndiyo, lakini katika nchi ambamo vituo vyenyewe vya Ebola vilishambuliwa Februari ile ya 2019 na watu walikuwa wanakimbia risasi. Nikasema moyoni: kama mkalimani naye angewekwa kwenye jedwali, mimi ningeandikwa safu gani?

Basi nilikwenda kwa yule mama. Anakaa juu kidogo, njia ya kwenda Luzira. Nilichukua vipande viwili vya karatasi kwenye kikombe, kama tunavyofanya kwenye likelemba tukipanga nani apokee kwanza, nikamweleza. Hiki kundi hili, hiki kundi lile. Daktari hakuchagua. Hakuna aliyejua, na walisema wazi kwamba hawajui. Mimi ndiye niliyekuficha.

Alikiangalia kikombe muda mrefu. Mtoto alikuwa anacheza na kifuniko cha sufuria mlangoni. Nilitegemea atanifukuza, au atacheka, yote mawili ningeyapokea.

"Ungeniambia," akasema. "Likelemba naijua."

Kisha akauliza kitu ambacho sikukitayarishia jibu. Kitanda cha pili kulikuwa na mama mwingine, Mganda, naye mtoto wake aliwekwa kwenye utafiti siku ile ile. Hawakuweza kuongea lugha moja lakini waligawana uji. Mtoto wa yule mama hakuamka asubuhi ya tatu. "Yeye karatasi yake ilikuwa gani?"

Nikamwambia sijui. Akauliza watafiti wakijua watatuambia lini. Nikamwambia nitauliza, na nimeuliza: utafiti bado unaendelea, matokeo yatatoka ukikamilika, na wamesema namba ya simu ya kila mama ipo kwenye fomu. Nikakumbuka kwamba siku ile mama hakuwa na simu. Namba iliyoandikwa pale ni yangu.