Tunangoja Sehemu ya Pili ya Nani?

Katika vibanda vya video vya Makongeni, Thika, nilikokulia, sheria ilikuwa moja: staringi hafi. Apigwe risasi ya bega, arushwe kutoka ghorofani, afungwe kamba huku majambazi wakimcheka, bado tulijua atainuka. Tulibanana kwenye mabenchi ya mbao, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia jua, na nje pamesimamishwa ubao wa chaki wenye majina ya filamu za siku hiyo kwa tahajia ya mwenye kibanda. "Komando" ilikuwa ya Arnold Schwarzenegger. "Lambo" alikuwa Sylvester Stallone, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha mwenye kibanda, maana ndiye aliyeshika pesa na mlango.

Ikaja Fist of Fury ya Bruce Lee. Mwishoni staringi anayakimbilia majeshi yaliyompangia bunduki langoni, anaruka, picha inaganda akiwa hewani, kisha milio ya risasi inasikika. Kibanda kizima kilikataa. Amekufa? Hajakufa? Mbona hatukumwona akianguka? Kaka zetu wakubwa wakaumaliza ubishi kwa kutuambia tungoje sehemu ya pili.

Kumbe sehemu ya pili ilikuwako, ila ilivyotengenezwa ndio kichekesho. Bruce Lee alifariki Julai 1973, mwaka mmoja tu baada ya filamu ile. Mwaka 1976 ukatolewa mwendelezo wenye Jackie Chan, na 1977 mwingine wenye kijana wa Taiwan aliyebatizwa Bruce Li, ili mnunuzi mwenye haraka asitofautishe herufi. Mwaka 1978 ikaja Game of Death, iliyoungwaungwa kwa vipande alivyoviacha marehemu, kwa watu wa kufanana naye, na kwa picha halisi za mazishi yake, mwili ukiwa ndani ya jeneza. Kwa hiyo vijana wanaponiambia kwamba Hollywood ya leo imekuwa na uroho wa kuendeleza kila kitu, mimi huwajibu kwamba uroho huo una umri wa kuwazaa.

Hata hivyo siku hizi umevaa suti. Chukua Avengers: Doomsday, iliyopangiwa kwanza Mei 2026 kisha ikasogezwa hadi 18 Desemba mwaka huohuo. Tony Stark tulimzika mwaka 2019 katika Endgame. Nilikuwa sinema siku hiyo, na watu wazima wenye mikopo ya benki na funguo za magari walikuwa wakipangusa machozi kwa leso walizopewa pamoja na bisi. Ilikuwa haki yao: walikuwa wamemfuata mtu huyo tangu 2008. Matanga tukaanua, tukarudi nyumbani. Sasa Robert Downey Jr. anarejea, safari hii si Tony Stark bali ni Doctor Doom, adui mkuu. Mashabiki waliobobea watanieleza kwamba ni mhusika mwingine kabisa, na kwamba vitabu vya katuni vina maelezo yake. Nayajua maelezo hayo, na baadhi yake nimeyafurahia. Lakini uso ni uleule, na uso ndio unaouzwa. Kampuni ikishindwa kuamini kwamba hadithi mpya inaweza kusimama bila sura ya marehemu, inanieleza bei iliyoyawekea machozi yangu ya 2019.

Si kwamba napinga miendelezo. Toy Story 2 na 3 zilikuwa na jambo la kusema. Fast and Furious nimeifuata hadi ile ya kumi ya 2023, iliyokatwa katikati ya mkasa utadhani stima zimepotea, na bado naisubiri ya mwisho kwa mapenzi ya kijinga tu ya magari. Ninachouliza ni swali dogo: hii sehemu ya pili inadaiwa na nani? Kuna hadithi inayoidai kwa sababu haijakwisha, na kuna mhasibu anayeidai kwa sababu mwaka wa fedha haujafungwa.

Kwa upande wa michezo ya video, mambo ni mazito zaidi. Nina mpwa hapa Ruiru ambaye GTA V ilipotoka Septemba 2013 alikuwa nasari. Leo ana kitambulisho cha taifa na bado GTA VI haijamfikia. Kionjo cha kwanza kilitoka Desemba 2023, tukaahidiwa 2025. Mei 2025 tukaambiwa ni 26 Mei 2026. Novemba 2025 tukaambiwa tena, pole sana, ni 19 Novemba 2026. Mpwa wangu anazitaja tarehe hizi jinsi nyanya yake anavyotaja tarehe za arusi na vifo vya ukoo, bila karatasi.

Anapochezea ni chumba kimoja karibu na steji ya Ruiru. Runinga zimepangwa ukutani, viti ni vya plastiki, na pedi moja mpira wake wa kidole umelika hadi umebaki kijiti kitupu. Mwenye kushindwa hupisha. Mpira wa miguu ndio unaotawala, na ingawa mchezo ule ulibadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023, baada ya watengenezaji kuachana na shirikisho la soka la dunia, mle ndani bado unaitwa FIFA na utaendelea kuitwa hivyo hadi Kiama. Pembeni kuna PlayStation 2 ya zamani ambayo mwenye chumba hakuiuza kwa sababu wapo wateja, baadhi wakiwa na mvi, wanaokuja kucheza GTA: San Andreas ya mwaka 2004. Nimo miongoni mwao. Sisi ndio tuliokuwa na daftari la hesabu ambalo kurasa za nyuma zilijaa mpangilio wa vitufe vya kuudanganyia mchezo: duara, pembetatu, L1, chini, juu. Ukiukosea mmoja, kifaru hakishuki. Mwalimu wangu aliwahi kulikuta daftari hilo akadhani ni aljebra.

"Anko," mpwa wangu aliniuliza mle ndani, "ukiambiwa ulipe sasa na upewe Novemba, si utalipa?"

Nilimwambia sitalipa. Akanitazama kama mtu aliyekana dini yake.

Naomba nieleweke. Ule mchezo wenyewe utakuwa mzuri; walioutengeneza hawajawahi kutoa kazi ya ovyo katika mfululizo huo mkuu, na GTA V imeuza zaidi ya nakala milioni 200. Kinachonikera ni kwamba kungoja kwenyewe kumegeuzwa kuwa bidhaa. Kionjo kinatangazwa kwa kionjo kidogo. Tarehe inatangazwa, inafutwa, na kule kufutwa kunakuwa habari inayowaweka vijana macho usiku. Kampuni haijatoa kitu na tayari imepewa miezi ya mawazo ya kijana wa Ruiru, ilhali haijui hata Kenya iko upande gani. Ubishi wa mle chumbani umekuwa juu ya bidhaa isiyokuwapo: ramani itakuwa kubwa kiasi gani, polisi watakuwa na akili namna gani, je, kati ya wahusika wakuu, Lucia ni bora kuliko Jason. Watu wameshagombana na hawajaushika mchezo.

Ajabu yenyewe ni kwamba huku kwetu mashabiki hawakuwa na desturi ya kukaa mkao wa kupewa. Filamu ilitufikia imechelewa, mkanda umekwaruzika, lugha hatuielewi, nasi tukaimalizia wenyewe. DJ Afro alijenga jina lake hivyo: alichukua filamu ya Kihindi au ya Kichina, akaisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani, jambazi akapewa tabia za makanga na mama mkwe akazungumza kama mama mkwe wa huku. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda. Wapo waliowadharau, wakisema wanaharibu kazi za watu, na wenye haki miliki nao wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Lakini nimeona filamu ya Kihindi ya kawaida kabisa ikipata uhai zaidi katika mdomo wa DJ Afro kuliko ule iliokuwa nao kwao. Kwenye steji ya Thika zilikuwa zikiuzwa pia CD za vichekesho vya Kikuyu vya kina Machang'i na Kihenjo, toleo baada ya toleo, na hakuna aliyehitaji kutangaziwa tarehe. Uliliona toleo jipya likining'inia kibandani ukanunua.

Moto huo haujazimika, umehamia kwenye simu. Kuna mchezo wa kampuni moja ya Indonesia, Maleo, uitwao Bus Simulator Indonesia. Uliundwa kwa ajili ya mabasi na barabara za kwao. Vijana wa Kenya wakauchukua, wakayavisha yale mabasi rangi na michoro ya matatu zetu, majina, vibao vya njia na madoido yote, hadi unaweza kuketi Juja ukaendesha matatu ya Thika kwenye milima ya Java. Wengine wamefanya hayo hayo na Euro Truck Simulator 2 ya Wacheki, wakachora hadi ramani za barabara za Kenya. Mpwa wangu aliwahi kunionyesha matatu yake kwenye simu: aliipaka zambarau, akaandika jina la marehemu babake ubavuni. Hakuna mtu aliyemwahidi tarehe ya hiyo. Hiyo ndiyo sehemu ya pili niliyompongezea kuliko nyingine zote.

Na tukiwa bado kwenye Thika, ukiuliza jina lake limeingia vipi katika filamu za dunia, utaambiwa ni The Flame Trees of Thika, kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kilichogeuzwa tamthilia ya runinga ya Uingereza mwaka 1981, Hayley Mills akiwa mmoja wa waigizaji wakuu. Ni hadithi ya walowezi waliokuja kulima kahawa. Huxley hakungojea aombwe. Mwaka 1962 alitoa mwendelezo wa kitabu chake. Mlowezi ana sehemu ya kwanza na ya pili. Mitaa yetu ya Makongeni na Kiandutu haina hata ya kwanza inayojulikana kiasi hicho.

Na hapa ndipo ninapotaka wapenzi wenzangu wa filamu tubanane kidogo. Tunaweza kutaja kila mhusika atakayetokea katika Doomsday, lakini ni nani aliyewahi kukesha akiuliza Mwas aliishia wapi? Mwas wa Nairobi Half Life, filamu ya 2012 ya David "Tosh" Gitonga, iliyokuwa ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar. Kijana wa kijijini anayeuza DVD huku akiwaigizia wateja mapigano yaliyomo ndani yake, yaani mmoja wetu kabisa, kisha anaingia Nairobi kutafuta uigizaji na Nairobi inamfundisha wizi kwanza. Filamu inamwacha jukwaani. Ile ni hadithi ambayo haijakwisha. Disconnect ya 2018, ya mapenzi na vichekesho, ilipata mwendelezo wake mwaka 2023 kupitia Netflix, na nilifurahi, ila Mwas bado yuko palepale tulipomwacha.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ni kinyume chake. Jo ni mtoto mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kama wale wa kwenye filamu, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Haina hata saa moja na nusu. Staringi anakufa. Hakuna mlango wa siri, hakuna kionjo baada ya majina, hakuna mwigizaji anayerudishwa kwa jina jingine. Nilipoiona mara ya kwanza, yule mtoto wa Makongeni aliyekuwa ndani yangu alikataa, kama tulivyokataa kwa Bruce Lee. Kisha nikakubali, na nadhani ndiyo filamu pekee ya mashujaa iliyoniheshimu kiasi cha kuniambia ukweli.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, mwenye kubisha abishe. The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyopangiwa 17 Julai 2026, nitaiona Garden City wiki ya kwanza, kwa kuwa ndani yake yumo Lupita Nyong'o na kwa kuwa Nolan anaijua kazi yake. Doomsday nitaiona wiki ya tatu, foleni zikipungua, na sitalia. GTA VI nitaicheza pale Ruiru kwa pesa za saa moja, mpwa wangu akishachoka nayo. Supa Modo isiguswe na mtu yeyote, hata aliyeitengeneza. Na wewe, Tosh Gitonga, kama gazeti hili linakufikia, mshushe Mwas kutoka jukwaani, umlete huku Kihunguro apange chumba. Tiketi ya hiyo niko tayari kulipa hata kabla hujaandika ukurasa wa kwanza.