Zaburi ya 119 Si Fimbo

Mwaka jana nilimwadhibu mwanangu kwa Biblia. Sikumpiga nayo. Alikuwa na miaka tisa, na Jumapili moja alisumbua ibadani, akacheka na mwenzake mpaka mzee wa kanisa akageuka. Tulipofika nyumbani, hapa Bariadi, nikampa daftari na kalamu nikamwambia anakili Zaburi ya 119 yote. Anayeijua Zaburi hiyo anajua uzito wake: mistari 176, sura ndefu kuliko zote katika Biblia. Nikajiona baba mwenye hekima. Fimbo sijashika, na Neno mtoto kalipata.

Alimaliza siku ya tatu. Akaniletea daftari, akasimama mlangoni, akauliza: "Baba, nikikosea tena nitasoma nini?"

Sikuwa na jibu. Kumbe kichwani mwake kusoma kulikuwa kumehamia upande wa adhabu, pamoja na kupiga magoti na kufyeka nyasi. Na kibaya zaidi, Zaburi ile tangu mwanzo hadi mwisho ni maneno ya mtu anayeipenda sheria ya Mungu na kuifurahia. Mimi nimeichukua furaha ya mtu nikaifanya kiboko.

Tangu siku hiyo najiuliza: mzazi Mkristo ana haki ya kumlazimisha mtoto kusoma? Na akimlazimisha, anapata alichokitafuta?

Tusisahau kwamba Ukristo wa ukanda wetu ulianza na vitabu. Kule Buganda, mwishoni mwa karne ya 19, waliowafuata wamisionari waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Wakikuyu nao waliwaita Wakristo wa mwanzo athomi, maana ni ileile. Kusoma na kuamini vilikuwa kitu kimoja mdomoni mwa watu. Wengi hawakuburutwa kwenda kusoma. Walifuata kitu walichokiona kwa wenzao, nao wakakitaka.

Bibi yangu alikitaka ukubwani. Alijifunza kusoma kwenye madarasa ya kisomo, miaka ile ya 1970, Mwalimu Nyerere alipohimiza elimu ya watu wazima nchi nzima. Nikiwa mdogo, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012 na sisi bado tukihesabiwa Shinyanga, nilimwona akirudi shamba la pamba, ananawa mikono, anafungua Biblia yake ya Kisukuma. Kidole kinafuata mstari, midomo inatembea. Alipofika kwa Yona ndani ya samaki, alicheka peke yake. Hakuwahi kuniambia nisome. Nilijifunza kusoma kwa bidii kwa sababu nilitaka kujua kilichokuwa kinamchekesha.

Nadhani Paulo aliliona jambo hilohilo kwa Timotheo. Anapoikumbuka imani ya kijana huyo, anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Imani ilikaa kwanza kwa wale wawili, ndipo ikamfikia mtoto.

Ipo hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipita kama siioni. Wazazi wengi huku kwetu watasema: mtoto asipolazimishwa hatasoma kabisa. Atakimbilia simu, au mpira, au atakwenda na ng'ombe. Kuna ukweli ndani yake. Silabi hazina utamu. Ba, be, bi, bo, bu inahitaji mtu wa kukukalisha chini mpaka uijue, kama vile palizi ya pamba isivyongoja mtu ajisikie. Lakini kumfundisha mtoto kusoma ni kazi moja, na kumfanya apende kusoma ni nyingine. Ya kwanza inavumilia amri. Ya pili, ukiiamuru tu, inakufa.

Shahidi wangu ni Augustino, Mwafrika wa Tagaste, ambayo leo iko Algeria. Anakiri kwamba utotoni alikichukia Kigiriki kwa sababu kiliingizwa kwa vitisho na viboko, wakati Kilatini cha nyumbani alikipata kwa michezo na mazungumzo ya walezi wake. Na mwaka 386, akiwa anahangaika katika bustani moja mjini Milano, alisikia sauti kama ya mtoto ikimwambia achukue kitabu asome. Akasoma, na maisha yake yakageuka. Mtu aliyechapwa ili asome, mwishowe aliitwa kwenye kusoma na sauti ya kitoto.

Lakini Augustino huyohuyo alijilaumu kwa machozi aliyomlilia Dido, mwanamke wa hadithi tu. Hofu hiyo ipo hata makanisani kwetu: hadithi ni uongo, mtoto asome Biblia peke yake. Naielewa, ila siikubali. Yesu aliwafundisha watu kwa mifano. Hatuulizi mwana mpotevu alizaliwa kijiji gani, na bado tunamlilia. Wazee wetu wa Kisukuma nao waliwakalisha watoto kwenye shikome, moto wa jioni, wakawapa maadili ndani ya simulizi. Hakuna aliyeburutwa kwenda kuota moto. Mtoto aliyezoea kumhurumia sungura wa hadithini atakuwa na moyo ulioandaliwa atakapomfikia Yusufu kisimani.

Basi nilifanya nini? Nilimwomba mwanangu radhi. Kwa baba wa Kisukuma hilo si jambo dogo, na rafiki mmoja aliniambia nimejishusha. Nilimwambia kosa lake lilikuwa kosa, ila adhabu ilikuwa ya kipumbavu. Siku hizi, baada ya chakula cha jioni, nasoma kwa sauti, kurasa mbili tatu, mara Abunuwasi, mara Daudi na Goliathi. Anayetaka anakaa, asiyetaka anaondoka.

Mwanzoni alikuwa anaondoka. Sasa anakaa, ingawa Biblia hajaifungua mwenyewe tangu siku ile, na mimi sijamwambia aifungue. Juzi nilikuwa nasoma kimyakimya, kitu kikanichekesha. Akainua kichwa kutoka kwenye simu ya mama yake, akauliza, "Baba, unacheka nini?"

Nikasogea kidogo kwenye mkeka.