Bei ya Kusema "Leo Hapana"

Vijana wetu saba wana mpango wa kushuka Mto Tana kwa mtumbwi, kuanzia Garissa, wapite Hola na Garsen, hadi Kipini pale mto unapoingia baharini. Waliniletea bajeti niikague kwa sababu wanajua nilisomea biashara. Baadhi yenu mmeniuliza kama safari ya aina hii si kumjaribu Mungu. Mimi naona kuna swali gumu kuliko hilo, na limejificha kwenye mstari mmoja wa ile bajeti.

Kwanza niwape vijana haki yao. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000, na wameusoma. Wanajua maji ya Garissa hayafuati mawingu ya Garissa. Mvua ikinyesha Aberdare na Mlima Kenya, bwawa la Masinga likajaa na kumwaga, mto unaweza kufurika kule chini na jua linawaka. Kwa hivyo wameepuka Aprili na Mei, na pia Novemba na Desemba. Sote tunakumbuka Aprili 2024, mashua ilipopinduka Kona Punda wakati wa mafuriko na watu wakafa maji. Kiangazi nacho kina shida zake: mchanga unatokeza, mtumbwi unakwama, viboko wanabanana mahali pachache palipobaki na kina. Mamba hata sitaji. Wameweka pesa za majaketi ya kuokoa maisha, na watapiga ripoti kwa machifu njiani. Huyu ni yule mtu wa mnara katika Luka 14, aliyekaa chini akapiga hesabu kabla ya kuanza kujenga. Mtu kama huyo hamjaribu Mungu.

Mstari wenyewe ni huu: "Waendesha mitumbwi wawili, malipo tukifika Kipini."

Hebu tufikirie huyo mwendesha mtumbwi ni nani. Wapokomo wamelima na kuvua kando ya Tana vizazi na vizazi. Mzee wa huko anajua kwamba kiboko mchana hukaa kwenye kina, kwa hivyo anapitisha mtumbwi kwenye maji mafupi, akigonga ubavu wake ili mnyama asishtuke. Lakini ujuzi wake mkubwa ni ule wa kutazama mto asubuhi na kusema: leo hapana. Sasa, ukimlipa mkifika tu, kila "leo hapana" inatoka mfukoni mwake. Naye ana karo ya shule kama wewe. Siku ya tatu ya kusubiri atasema haya, twendeni. Wewe utadhani umepewa ushauri wa mtaalamu, kumbe ni shida inaongea.

Kijana mmoja aliniambia, "Lakini pasta, si amekubali mwenyewe? Na huo mto ni kazi yake ya kila siku." Ni hoja nzuri, siidharau. Tukisema basi tusimwajiri, tumemnyima riziki halafu tunajiita watu wema. Tena ni kweli anaingia mtoni bila sisi. Ila akiwa peke yake, anachagua ni lini. Hiyo "lini" ndiyo inayomweka hai, na ndiyo tunayoinunua kwa yale malipo ya Kipini bila hata kuiandika.

Kukubali peke yake hakutoshi. Mnakumbuka Daudi alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, 2 Samweli 23. Hakumtuma mtu. Mashujaa watatu walijitolea wenyewe, wakapenya kambi ya Wafilisti, wakayaleta. Daudi akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona damu yao ndani yake. Walikubali kabisa, tena kwa mapenzi. Hata hivyo Daudi aliona kiu ilikuwa yake na hatari ikawa yao.

Kwa hivyo niliwaambia vijana walipe kwa siku, na siku za kusubiri zilipwe sawa na siku za kusafiri. Najua mnachofikiria, maana chuoni tulifundishwa hivyo hivyo: ukimlipa mtu kwa siku, atavuta kazi. Anaweza. Huenda mzee akapumzika siku moja isiyo na sababu. Lakini linganisha makosa hayo mawili. Akitudanganya, tumepoteza pesa za siku moja. Tukimharakisha, anazikwa mtu. Sioni kama hapo pana hesabu ndefu.

Na tusiwanyooshee vijana kidole. Jumapili ya mvua tunamwambia mtu wa boda aongeze mwendo kwa sababu ibada imeanza. Fundi tunamtaka juu ya paa limelowa kwa sababu Ijumaa kuna harusi, na hatumlipi mpaka amalize.

Bajeti mpya imerudi juzi. Wameweka siku tano za kusubiri, zimelipiwa zote, na mchango wa kila mmoja umepanda. Wawili wamejiondoa kwa sababu ya hizo pesa. Waliobaki wanajadili kama wafupishe safari, waanzie Hola na kuishia Garsen, au wangoje mwaka mmoja wakiweka akiba. Nimewaachia waamue.