Akiba ya Msafiri

Mtu anapojiandaa kwa safari ndefu, je, hujiandaa kwa ajili ya nafsi yake tu, au ana deni kwa watu wengine pia? Wengi watajibu upesi kwamba safari ni yake, chombo ni chake, na maisha ni yake. Akiishiwa na nguvu njiani, hasara itamwangukia yeye. Jibu hili lina sura ya haki, kwa maana kila mtu mzima anastahili kutawala mambo yake. Lakini sura ya jambo si jambo lenyewe. Nakuomba, msomaji, tulipime jibu hili katika mizani ya safari moja ngumu, kisha tuone kama litasimama.

Safari yenyewe ni ya nchi ya Norwei, katika majira ya baridi, kwa gari la umeme. Msafiri anatoka Oslo, mji mkuu ulio kusini, na anataka kufika Nordkapp, jabali lenye kimo cha mita 307 juu ya bahari, kwenye kisiwa cha Magerøya. Umbali ni kama kilomita 2,000. Njia hupita milima iliyo wazi kwa upepo, na karibu na mwisho huingia katika handaki lililofunguliwa mwaka 1999, ambalo huteremka hadi mita 212 chini ya usawa wa bahari kisha hupanda tena. Huko juu jua halichomozi kwa muda wa miezi miwili hivi, kati ya Novemba na Januari. Mchana ni mwanga hafifu wa saa chache. Katika jimbo hilo la kaskazini kuna kijiji cha Karasjok, ambako tarehe 1 Januari 1886 baridi ilipimwa ikawa nyuzi 51.4 chini ya sifuri. Wewe uliyeiona theluji kwa mbali tu, juu ya vilele vya Mlima Kenya, utaelewa kwamba hapo si mahali pa kusimama usiku ndani ya gari lililokufa.

Usidhani kwamba kusafiri huko kwa gari la umeme ni wazimu. Watu wa Norwei wameyazoea magari hayo kuliko watu wa nchi nyingine. Mwaka 2024, karibu magari 9 katika kila magari 10 mapya ya abiria yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya umeme, na vituo vya kuchajia vimetapakaa hata kaskazini. Safari hiyo inawezekana, na watu huifanya. Haja yetu si kuuliza kama inawezekana, bali kuuliza inamdai nini yule anayeifanya.

Kwanza inamdai aijue tabia ya chombo chake. Umeme wa gari hukaa katika betri. Ndani ya betri hiyo chembe za lithiamu husafiri katika kimiminiko kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baridi inapozidi mwendo wake huwa mzito, na betri hutoa nguvu kwa shida na kupokea umeme polepole. Kisha liko jambo la pili, ambalo lina ajabu yake. Injini ya petroli ni badhiri: sehemu kubwa ya nguvu yake hupotea kwa kugeuka joto, na joto hilo la bure huwapasha moto abiria. Mota ya umeme haina ubadhirifu huo, wala haina joto la kutosha la kugawa. Kwa hiyo joto la abiria sharti litoke katika betri ile ile inayozungusha magurudumu. Sifa njema ya chombo huwa upungufu wake wakati wa baridi. Mwaka 2020 chama cha waendesha magari cha Norwei kilijaribu magari 20 ya umeme katika baridi, kikaona kwamba kwa wastani yalipungukiwa na karibu sehemu moja ya tano ya mwendo uliotangazwa na watengenezaji. Upepo wa mbele, theluji nzito barabarani na kupanda milima huweza kupunguza zaidi.

Sasa twende katika hesabu, maana hesabu ni shahidi asiyependelea. Tuseme gari lake, katika hali ya hewa njema, huenda kilomita 400 kwa betri iliyojaa. Msafiri mwenye pupa hugawa 2,000 kwa 400, akapata vipande 5 vya njia, akasema: nitasimama kuchaji mara 4 tu. Msafiri mwenye busara huanza na baridi. Akitoa robo kwa ajili yake, kilomita 400 huwa 300. Tena anajua kwamba betri ikifika asilimia 80, umeme wa kituo huingia polepole sana, kwa hiyo haifai kungoja ijae kila mara. Mwisho hujiwekea sharti kwamba hatafika kituoni na umeme uliopungua asilimia 20, kwa sababu kituo chaweza kuwa kibovu, au kimejaa watu, au njia yaweza kufungwa akalazimika kurudi nyuma. Basi siku ya kuondoka, betri ikiwa imejaa, ataweza kwenda kilomita 240. Na baada ya hapo, kila kipande kitakuwa kilomita 180. Fanya hesabu mwenyewe: atasimama mara 10.

Mara 4 kwa mara 10: tofauti hii imetoka wapi? Gari ni moja, na njia ni moja. Tofauti imetoka katika moyo wa mwenye kuhesabu. Wa kwanza amekipima chombo kwa siku yake njema kuliko zote. Wa pili amekipima kwa siku mbaya inayoweza kuja. Wa kwanza hakusema uongo, kwa maana gari huenda kilomita 400 kweli. Lakini ameichukua kweli ya siku moja akaifanya kuwa kweli ya siku zote, na hiyo ni njia moja ya kujidanganya.

Hapa mtu ataweza kusema kwamba msafiri wa pili ni mwoga. Woga na tahadhari hufanana kwa mbali kama mapacha, lakini mwenye kuvisogelea hutambua tofauti. Woga hauna kipimo. Humwambia mtu aongeze na aongeze, kisha humwambia asiondoke kabisa. Tahadhari ina kipimo: hutaja hatari kwa jina, huipa kadiri yake, huiwekea akiba inayotosha, kisha humruhusu mtu aende. Msafiri wetu wa pili hakubaki Oslo. Amekubali kuchelewa ili afike. Mwoga huikimbia safari, na mjinga huikimbia hesabu. Mwenye tahadhari huzikabili zote mbili.

Mpaka hapa twaweza bado kusema kwamba mambo haya ni ya msafiri na nafsi yake. Lakini tumfuate hadi mwisho wa njia. Kilomita kama 13 za mwisho kuelekea Nordkapp, wakati wa baridi, haziendwi na mtu kwa peke yake. Kizuizi hushushwa barabarani, na magari hungoja saa iliyowekwa. Ndipo gari la kuondoa theluji hutangulia, na magari mengine hulifuata kwa msafara, kila moja likitazama taa za lililo mbele yake. Desturi hiyo hutumika pia katika njia nyingine za milimani dhoruba inapovuma. Kabla ya kuingia, kila dereva hutakiwa awe na nguvu ya kutosha katika chombo chake, iwe petroli au umeme. Awe na mavazi mazito, kurunzi, beleshi na kamba ya kuvutia gari. Kiongozi wa msafara ana mamlaka ya kumkatalia mtu ambaye hakujitayarisha.

Fikiri maana ya jambo hili. Katika msafara, gari moja likizimika katikati, magari yote ya nyuma husimama. Ndani yake yamkini yumo mama mwenye mtoto mchanga, au mzee, au dereva aliyeweka akiba yake kwa uangalifu wa siku nyingi. Akiba ya wote huanza kuliwa na baridi kwa sababu ya upungufu wa mmoja. Na tuseme hakuna msafara, msafiri yuko peke yake mlimani na amekwama: hataachwa afe. Mtu atatoka katika kitanda chake cha joto, ataagana na watoto wake, ataingia katika dhoruba ile ile iliyomshinda mwenzake ili akamwokoe. Yule mwokozi hakuulizwa kama anaitaka hatari hiyo. Ameingizwa ndani yake na hesabu mbovu iliyofanywa Oslo, mezani, siku kadhaa nyuma.

Basi jibu letu la kwanza limeanguka. Hasara haikumwangukia msafiri peke yake.

Yuko atakayesema: ikiwa ni hivyo, asiyejiandaa aachwe, avune alichopanda. La, hasha. Anayeganda kwa baridi haulizwi kwanza kama ni mzembe au ni mwenye bahati mbaya. Huokolewa, kisha huulizwa. Huo ndio utu, na jamii inayouacha imejiua yenyewe. Lakini angalia, ewe msomaji, kwamba huruma hiyo haipunguzi deni la msafiri, huliongeza. Laiti watu wangekuwa wakatili, mzembe angejihatarisha mwenyewe tu. Kwa sababu watu ni wema, uzembe wake huwagharimu walio wema. Mtu akijua kwamba wenzake hawatamwacha, ana wajibu mkubwa zaidi wa kutowaita bila sababu.

Historia ya nchi za barafu inatupa mfano wa jambo hili. Mnorwei Roald Amundsen alifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911. Kabla ya hapo, katika safari ya meli kaskazini mwa Kanada kati ya mwaka 1903 na 1906, alikaa karibu na Wainuiti akajifunza kwao mavazi ya ngozi na matumizi ya mbwa wa kukokota. Hakuona haya kuwa mwanafunzi wa watu ambao wengine waliwadharau. Alipokwenda kusini aliweka maghala ya chakula njiani, na katika barafu akasimika bendera kwa mstari mrefu kulia na kushoto ya ghala, ili hata akipotea kidogo azikute. Yaani aliweka akiba ya chakula, na akaweka akiba kwa ajili ya makosa yake mwenyewe. Naye pia pupa ilimjaribu: mwezi wa Septemba 1911 aliondoka mapema mno, baridi ikamshinda, akageuka na kurudi kambini, akaanza upya mwezi wa Oktoba. Kurudi kule hakukumwondolea heshima.

Mwingereza Robert Falcon Scott alifika mahali hapo tarehe 17 Januari 1912. Ghala lake kubwa lilikuwa limewekwa zaidi ya kilomita 50 kabla ya mahali palipokusudiwa, kwa kuwa farasi walikuwa wamedhoofika na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mwezi wa Machi 1912, wakati wa kurudi, Scott na wenzake wawili waliobaki walifia hemani, kilomita 18 hivi kutoka ghala hilo. Haifai kumhukumu kwa jambo hilo moja. Baridi ya mwezi ule ilikuwa kali kupita kiasi, na sababu za msiba zilikuwa nyingi. Wala ushujaa haukupungua kwao. Lakini hesabu ya kilomita ni ngumu kuitazama bila huzuni: ghala lingewekwa pale lilipokusudiwa, wangekuwa wamelifikia. Ushujaa ni kitu kikubwa. Nao hauwezi kufanya kazi ya akiba.

Wahenga wa pwani yetu walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Neno hili linamfaa mwenye gari la umeme kama lilivyomfaa nahodha. Mwenzako aliyefika Nordkapp kwa kusimama mara 6 alikuwa na gari lake, upepo wake na siku yake. Msikilize, mwulize, umshukuru. Lakini hesabu ufanye yako.

Pengine hutaiona Norwei maishani mwako. Hata hivyo utasafiri. Mwanafunzi huipanga miezi ya mtihani kana kwamba hataugua, mvua haitanyesha, na taa haitazimika. Hujipima kwa jioni ile moja aliposoma saa nne bila kuchoka. Mwenye kukopa huahidi kulipa kwa mshahara wa mwezi mwema. Dereva wa gari la abiria huahidi kufika mapema kwa njia isiyo na mtu. Kila mmoja wao amehesabu mara 4 mahali pa mara 10, na nyuma ya kila mmoja wako watu watakaosimama atakaposimama: mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo, mdhamini aliyetia sahihi, abiria aliyefunga mkanda kwa imani.

Kwa hiyo jifunze kujiuliza maswali mawili kabla ya kuondoka. La kwanza: nguvu yangu ni kiasi gani siku ya baridi? La pili: nikikwama, ni nani atakayetoka usiku kunifuata? Ukishamjua mtu huyo kwa jina, weka akiba ya kutosha kumwacha alale.