Msomee Kabla Hajaanza Shule

Mtoto wa miaka mitano akishazijua herufi chache, maandishi hayamponyoki. Atasoma pakiti ya chumvi, atasoma ubavu wa daladala, atamvuta bibi yake kanga ajue imeandikwa nini. Kanga, kwa kweli, ni kitabu kizuri cha kwanza: herufi kubwa, sentensi moja, maneno anayoyasikia kila siku. Nimemwona binti wa jirani akifuatisha kwa kidole kanga iliyoanikwa kambani, MGENI NJOO, akakwama kwenye MWENYEJI, akarudi nyuma, akaanza upya. Hakuna aliyemtuma. Alipoimaliza APONE alikimbia jikoni kumwambia mama yake, na mama akaweka ungo chini, akamtaka asome tena.

Watoto wengi hawapati wa kuwaambia "soma tena."

Lugha yetu imeturahisishia kazi. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti ileile popote iandikwapo. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu, siku hiyohiyo anaweza kusoma baba, bibi na babu, watu anaowajua kwa sura. Yapo magumu, kwani ng'ombe na ngoma huwasumbua hata wakubwa, lakini mwanzo wenyewe ni mwepesi. Ndiyo maana huniuma kumwona mzazi anayezungumza Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku akimwanzishia mwanawe kusoma kwa Kiingereza, lugha ambayo mtoto bado haijui, ili tu apite usaili wa shule. Mtoto huyo hutamka maneno bila picha yoyote kumjia kichwani, akadhani kusoma ndiko huko.

Serikali ya Tanzania ililiona tatizo la watoto kutojua kusoma. Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kabla ya hapo tathmini za mpango wa Uwezo zilikuwa zimeonyesha kwamba wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hilo ni zito, kwa sababu kuanzia hapo kila somo linadai kusoma. Hata swali la hesabu limeandikwa. Asiyejua kusoma hukaa nyuma, hunakili ubaoni asichokielewa, na hatimaye huitwa mzito. Wengi wao hawakuwa wazito hata kidogo. Walichelewa kushikwa mkono.

Mkoani Tanga, katika vijiji 170, yalifanyika majaribio ya kuwafundisha watoto kusoma Kiswahili kwa vishikwambi, yakamalizika mwaka 2019. Walipopimwa mwanzoni, zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki: takribani 8 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kusomewa chochote nyumbani. Kishikwambi kilisaidia, na nafurahi kwamba kilisaidia, ila hakiwezi kumpakata mtoto.

Sisemi mtoto wa miaka mitatu akalishwe mezani na fimbo pembeni. Anayechapwa kwa kukosea herufi hujifunza kuliogopa daftari, na hofu hiyo hukaa miaka mingi. Wala sijasahau kwamba vitabu ni ghali kwa nyumba nyingi. Lakini hadithi ya sungura na fisi hainunuliwi. Mtoto aliyezisikia nyingi huingia darasani na maneno mengi kichwani, anajua kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho, na anaweza kukisia kitakachofuata. Kitabu kimoja kikipatikana, kinatosha kwa kuanzia.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Mtoto anayemwona baba yake ameshika kitabu anajua kusoma ni jambo la watu wote. Dakika kumi kabla ya taarifa ya habari zinatosha. Mpakate, fungua ukurasa, fuatisha maneno kwa kidole ili aone yanakotoka, na akikuomba umrudie hadithi ileile aliyoisikia jana na juzi, mrudie.